Kutoka Baybayin hadi Balikbayan: Ukoloni, Lugha na Utambulisho wa Mhamiaji wa Kifilipino

Ikisiri
Makala haya yanachunguza namna tawala mbili za kikoloni, ule wa Hispania (1565–1898) na ule wa Marekani (1898–1946), zilivyoathiri lugha, maandishi na utambulisho wa Wafilipino, hususani wale walioishi na kufanya kazi nje ya nchi yao. Hoja kuu ni kwamba athari hizo hazikutokana na amri za kupiga marufuku peke yake. Zilitokana zaidi na mgawanyo wa kazi baina ya lugha: lugha ipi isaliwe, ipi iandikiwe hati ya shamba, ipi ifundishiwe hesabu, na ipi imtafutie mtu ajira ng'ambo. Makala yanaanza na hati ya baybayin, yanapitia ukopaji wa maneno na majina, kisha lugha ya shule na ya taifa, na kuishia kwa mhamiaji. Mlinganisho na Kiswahili unatolewa pale tu ambapo historia zenyewe zinakutana.

1.0 Utangulizi

Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu mjini Mombasa. Mwaka huohuo, mjini Manila, mapadri wa shirika la Wadominiko walichapisha Doctrina Christiana, kitabu cha sala na mafundisho ya dini kwa Kihispania na Kitagalog, ambacho ni miongoni mwa vitabu vya kwanza kabisa kuchapishwa nchini Ufilipino. Matukio hayo mawili yalitukia chini ya mfalme mmoja. Felipe wa Pili wa Hispania alikuwa wakati huo pia mfalme wa Ureno, na ni kwa jina lake kwamba visiwa vile viliitwa Filipinas, jina lililotolewa na nahodha Ruy López de Villalobos katika miaka ya 1540, Felipe akiwa bado mwana wa mfalme.

Kwa msomaji wa Kiswahili, sadfa hiyo ina mafunzo. Katika pwani yetu utawala wa Wareno uliacha ngome, maneno kadhaa kama meza na bendera, na kumbukumbu ya vita. Lugha ya wenyeji iliendelea kuandikwa kwa herufi za Kiarabu kama ilivyokuwa imezoea. Huko Manila, utawala wa mfalme huyohuyo ulidumu zaidi ya miaka 300, na athari zake ziliingia katika hati, katika sala, katika majina ya ukoo na hatimaye katika muundo wa sauti wa lugha yenyewe. Kwa nini tofauti hiyo? Na kwa nini, baada ya Marekani kushika hatamu mwaka 1898, lugha nyingine ya kigeni iliweza katika miongo michache kufika mahali ambapo Kihispania hakikufika kwa karne tatu?

Maswali haya yana uzito kwetu. Sisi pia tuna lugha ya taifa iliyosanifiwa kutokana na lahaja moja, tuna mjadala usiokwisha kuhusu lugha ya kufundishia, na tuna vijana wanaosafiri kwenda nchi za Ghuba kutafuta kazi, ambako huwakuta Wafilipino wamewatangulia. Kuisoma historia yao ni njia mojawapo ya kuyatazama mambo yetu kwa utulivu.

2.0 Hati iliyokuwapo na namna ilivyotoweka

Dhana kwamba ukoloni uliwaletea Wafilipino maandishi haina msingi. Bamba la shaba lililopatikana katika jimbo la Laguna mwaka 1989 lina tarehe inayolingana na mwaka 900. Limeandikwa kwa hati ya Kikawi, kwa lugha ya Kimalei cha kale iliyochanganyika na maneno ya Kisanskriti na ya wenyeji, na maudhui yake ni kufutwa kwa deni la mtu aitwaye Namwaran na jamaa zake. Maandishi ya kale zaidi yenye tarehe yanayojulikana nchini humo ni, kwa hiyo, hati ya kisheria, na inaonesha jamii iliyoshirikiana na ulimwengu mpana wa Bahari ya Hindi na visiwa vya Kusini-Mashariki mwa Asia. Baadaye Uislamu ulipofika Sulu, Mindanao na hata Manila, maneno ya asili ya Kiarabu yaliingia kwa kupitia Kimalei. Msomaji wa Kiswahili atalitambua neno hukom, "hakimu", na salamat, ambalo kwa Kitagalog limekuwa neno la kushukuru.

Wahispania walipoweka makao yao Manila mwaka 1571 walikuta hati iitwayo baybayin. Ilikuwa na alama 17: tatu za irabu na 14 za konsonanti, na kila konsonanti ilibeba irabu "a" ndani yake. Alama ndogo iitwayo kudlit ikiwekwa juu, irabu husomwa "i" au "e". Ikiwekwa chini, husomwa "u" au "o". Padri Pedro Chirino, katika kitabu chake kilichochapishwa Roma mwaka 1604, alieleza kwa mshangao kwamba wenyeji wengi, wanaume kwa wanawake, walijua kusoma na kuandika. Tunaweza kushuku kwamba alitia chumvi, lakini shuku hiyo haifuti ushahidi wa kuwapo kwa maandishi.

Hati hiyo haikuandika konsonanti inayofunga silabi. Neno bata, "mtoto", neno batas, "sheria", na neno bantay, "mlinzi", yote yaliandikwa kwa alama mbili zilezile: ba na ta. Msomaji alitegemea muktadha. Kwa lugha yenye silabi wazi kama Kiswahili, hati ya namna hiyo isingeleta taabu kubwa. Kwa Kitagalog ilimdai msomaji aijue lugha kabla hajaisoma. Hali hiyo si ngeni kwa wanaosoma tenzi za kale katika herufi za Kiarabu, ambazo hazikutofautisha "e" na "i" wala "o" na "u". Msomaji aliyezaliwa ndani ya lugha hakuona upungufu. Aliyeuona ni mgeni.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa Ufilipino. Padri Francisco López, akitayarisha katekisimu ya Kiilokano mnamo 1620, alibuni kudlit yenye umbo la msalaba, ya kuiua irabu ili konsonanti isomwe peke yake. Wenyeji hawakuipokea. Jambo hili linastahili kutiliwa mkazo kwa sababu masimulizi ya kawaida husema kwamba mapadri waliichoma hati hiyo ikatoweka kwa moto. Ushahidi wa uchomaji mkubwa wa vitabu vya baybayin ni haba. Kinyume chake, mapadri waliichapisha katika Doctrina ya 1593 na kujaribu kuirekebisha, maana walitaka kusomwa.

Ikiwa haikuchomwa, ilikufaje? Jibu linapatikana katika matumizi. Hati mbili za mauziano ya ardhi za mwaka 1613 na 1625, zilizohifadhiwa katika kumbukumbu za Chuo Kikuu cha Santo Tomas, ziliandikwa kwa baybayin. Mwanzoni mwa karne ya 17, basi, shamba liliweza kuuzwa kwa hati ya wenyeji. Lakini kodi, ubatizo, ndoa, mashtaka na umiliki vilizidi kuandikwa katika vitabu vya parokia na vya serikali, navyo viliandikwa kwa herufi za Kilatini. Mtu aliyetaka haki yake isomwe na hakimu alilazimika kuiandika kwa herufi za hakimu. Kusema kwamba wenyeji waliiacha hati yao kwa hiari ni kusema nusu ya kweli: walichagua chenye faida, na aliyepanga faida iwe wapi ni mtawala.

Mahali ambapo parokia na mahakama havikufika, hati ilibaki. Wamangyan wa Mindoro na Watagbanwa wa Palawan waliendelea na hati zao, ambazo ni ndugu wa baybayin, na mwaka 1999 UNESCO iliziingiza katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Ramani ya hati zilizosalia ni, kwa namna fulani, ramani ya mipaka ya nguvu ya dola ya Hispania.

3.0 Sala, majina na irabu mbili

Utawala wa Hispania haukuwafundisha watu wengi Kihispania. Wafalme walitoa amri za kukifundisha, lakini mapadri waliokuwa vijijini walipendelea kuhubiri kwa Kitagalog, Kisebuano, Kiilokano na lugha nyinginezo. Aliyejua lugha zote mbili alishika mlango wa kuingilia serikalini, na kwa muda mrefu mlango huo ulishikwa na padri. Kwa sababu hiyo mapadri waliandika sarufi na kamusi nyingi za lugha za wenyeji, kazi ambazo hadi leo ni hazina kwa wanaisimu.

Hata hivyo, kuhubiri kwa lugha ya wenyeji hakukumaanisha kuipa lugha hiyo mamlaka yote. Katika Doctrina, maneno ya msingi ya imani yaliachwa bila kutafsiriwa: Mungu ni Dios, si Bathala. Mwanahistoria Vicente Rafael, katika kitabu chake cha mwaka 1988, ameonesha kwamba kuacha huko kulitokana na hofu: tafsiri ingefungua mlango kwa maana za zamani. Sisi tunaweza kulinganisha na tafsiri za Biblia kwa Kiswahili, ambamo wamisionari walitumia neno Mungu lililokwisha kuwa katika vinywa vya Waislamu wa pwani. Uamuzi mmoja wa msamiati unaweza kueleza mengi kuhusu uhusiano wa dini mpya na lugha iliyoikaribisha.

Wenyeji nao hawakukaa kimya. Mwaka 1610 Tomas Pinpin, mchapaji Mfilipino kutoka Bataan, alichapisha kitabu alichokiandika mwenyewe kwa Kitagalog ili kuwafundisha Watagalog wenzake Kihispania. Hiki ni kitabu cha mwenyeji kwa wenyeji, kinachoiona lugha ya mtawala kama chombo cha kukamatwa na kutumiwa. Pinpin aliwaeleza wasomaji wake kwamba kuiga mavazi na mwenendo wa Wahispania bila kuijua lugha yao ni kuiga kusikokamilika.

Badiliko lililoingia ndani zaidi ni la fonolojia. Kitagalog cha kale kilikuwa na irabu tatu bainifu. "E" na "i" zilikuwa sura mbili za sauti moja, vivyo hivyo "o" na "u". Ndiyo maana baybayin ilitosheka na alama tatu. Maneno ya Kihispania yalipoingia kwa wingi, tofauti hizo zilianza kubeba maana. Mesa ni "meza" na misa ni "misa ya kanisani": irabu moja tu inatenganisha fanicha na ibada. Hati ya zamani isingeweza kuyatofautisha. Hivyo upungufu ambao mapadri waliuona katika baybayin ulitengenezwa, kwa sehemu, na maneno waliyokuja nayo wao wenyewe.

Mofolojia ilistahimili zaidi. Kitenzi cha Kitagalog huundwa kwa viambishi awali, viambishi kati na urudufishaji: kutokana na sulat, "andiko", hupatikana sumulat, "aliandika", kwa kuingiza -um- ndani ya mzizi. Neno la Kihispania trabajo lilipokopwa likawa trabaho, likavalishwa viambishi vya wenyeji: nagtrabaho, "alifanya kazi", magtatrabaho, "atafanya kazi". Kiingereza kilipofika kilipitishwa katika kinu kilekile. Mzizi hubadilika, kinu hakibadiliki. Sisi tunaosema "aliripoti" hatuna sababu ya kushangaa.

Isipokuwa Zamboanga na baadhi ya sehemu za Cavite. Huko, kandokando ya ngome na bandari, ilizaliwa krioli iitwayo Kichavacano, yenye msamiati mwingi wa Kihispania na athari za lugha za Ufilipino. Kuwapo kwake kunathibitisha kanuni: palipokuwa na askari na vibarua wa makabila mbalimbali waliolazimika kuelewana, lugha mpya ilizaliwa, palipokuwa na padri na kijiji, ilibaki lugha ya kijiji.

Mwisho ni majina. Tarehe 21 Novemba 1849 Gavana Narciso Clavería alitoa amri kwamba kila familia iwe na jina la ukoo, na majina yachukuliwe kutoka katika orodha iliyopangwa kwa alfabeti na kugawiwa mikoani. Kulikuwa na miji ambayo kurasa zake zilikuwa za herufi moja, hata leo ukoo baada ya ukoo huanza na herufi hiyo. Lengo lilikuwa la kiutawala: kodi na sensa. Matokeo yake ni kwamba mgeni anayekutana na muuguzi Mfilipino mwenye jina la Kihispania hudhani ana asili ya Hispania, ilhali babu yake alipewa jina hilo na karani.

4.0 Kihispania cha wasomi na Kiingereza cha shule

Amri ya elimu ya mwaka 1863 ilianzisha shule za msingi za serikali na kutaka Kihispania kifundishwe. Ilichelewa. Waliofaidika zaidi ni tabaka dogo la wasomi, na wao ndio walioigeuza lugha hiyo kuwa silaha. José Rizal aliandika riwaya zake mbili kwa Kihispania akiwa Ulaya: Noli Me Tangere, iliyochapishwa Berlin mwaka 1887, na El filibusterismo, iliyochapishwa Ghent mwaka 1891. Aliuawa kwa kupigwa risasi tarehe 30 Desemba 1896. Riwaya aliyoianza kwa Kitagalog hakuimaliza. Hivyo msingi wa fasihi ya kizalendo ya Ufilipino umejengwa kwa lugha ambayo Wafilipino wengi wa wakati ule hawakuweza kuisoma, na wengi wa leo huisoma kwa tafsiri.

Lakini wasomi haohao walikuwa wakiishughulikia tahajia ya Kitagalog. Trinidad Pardo de Tavera katika miaka ya 1880, na Rizal katika makala yake ya 1890 ndani ya gazeti La Solidaridad, walitetea kuandika "k" na "w" mahali pa "c", "qu" na "u" za Kihispania. Kwa mtu wa nje hili ni jambo la tahajia tu. Kwao ilikuwa ni kuirudishia lugha mantiki yake: mzizi mmoja uonekane mmoja, usibadilishwe sura na kanuni za lugha nyingine. Mwaka 1892 Andres Bonifacio na wenzake walipounda chama cha siri cha ukombozi, Katipunan, herufi hiyo ya K ikawa nembo yake, na baadhi ya bendera zake zilibeba alama ya ka ya baybayin. Katiba ya mapinduzi ya Biak-na-Bato ya 1897 ilitangaza Kitagalog kuwa lugha rasmi.

Mapinduzi hayo yalikatizwa. Kwa Mkataba wa Paris wa Desemba 1898 Hispania iliikabidhi Ufilipino kwa Marekani kwa dola milioni 20, na Februari 1899 vita vikaanza baina ya Wafilipino na watawala wapya. Kutoka katika vita hivyo askari wa Marekani walirudi kwao na neno bundok, "mlima", ambalo Kiingereza chao kimelifanya kuwa jina la dharau la vijijini na porini.

Januari 1901, vita vikiwa havijaisha, Sheria Namba 74 ilianzisha elimu ya umma na kuagiza Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia. Agosti mwaka huo meli ya jeshi iitwayo Thomas ilitia nanga Manila ikiwa na walimu wapatao 500. Hapa ndipo ilipo tofauti ya msingi. Mhispania aliificha lugha yake, na Mmarekani akaigawa bure. Wa kwanza alitawala kwa kuwa mkalimani. Wa pili alitawala kwa kuwa mwalimu. Renato Constantino, katika insha yake mashuhuri ya miaka ya 1960 kuhusu kupotoshwa kwa elimu ya Mfilipino, alidai kwamba shule hiyo ilifanikisha kile ambacho bunduki isingeweza: kumfanya mtawaliwa aione nchi yake kwa macho ya mtawala. Dai hilo ni kali, na lina wapinzani, kwani Wafilipino pia waliandika kwa Kiingereza fasihi ya kupinga ukoloni. Hata hivyo, hakuna anayekanusha kwamba Kiingereza kilifika katika miongo minne kule ambako Kihispania hakikufika kwa karne tatu, na kwamba kilifika kupitia dawati la mtoto.

5.0 Lugha ya taifa na mwaka 1974

Katiba ya 1935 iliagiza hatua zichukuliwe kuendeleza lugha ya taifa yenye msingi katika mojawapo ya lugha za nchi. Taasisi ya Lugha ya Taifa iliundwa mwaka uliofuata, na tarehe 30 Desemba 1937, kumbukumbu ya kuuawa kwa Rizal, Rais Manuel Quezon alitangaza Kitagalog kuwa msingi huo. Lope K. Santos aliandika sarufi rasmi na kusimamisha alfabeti ya herufi 20, iitwayo abakada. Mchakato huu unafanana na wa kwetu, ambapo Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na wasemaji wa lahaja nyingine, hasa washairi wa Mombasa, wakanung'unika. Wasemaji wa Kisebuano nao walinung'unika na wananung'unika hadi leo. Ipo tofauti moja: Kiunguja kilichaguliwa na kamati za wakoloni, Kitagalog na serikali ya Wafilipino wenyewe wakiwa katika kipindi cha mpito kuelekea uhuru.

Jina la lugha lilibadilika kadiri siasa zilivyobadilika. Mwaka 1959 iliitwa Pilipino, ili kuiondolea sura ya ukabila. Katiba ya 1987 iliita Filipino, kwa "f", na alfabeti ikawa ya herufi 28. Kitagalog cha asili hakina sauti "f". Lakini lugha nyingine za nchi, kama Kiibanag, zinayo. Watetezi wa "f" walisema kwamba lugha ya taifa lazima iwe na nafasi kwa sauti za wote. Wapinzani waliona ni Kihispania na Kiingereza vinarudi kwa mlango wa nyuma. Ugomvi juu ya konsonanti moja ulikuwa ugomvi juu ya nani ni mwenye nyumba.

Tukio lenye uzito zaidi, kwa maoni yangu, ni la mwaka 1974, nalo halizungumzwi vya kutosha kwa sababu lina sehemu mbili zinazosomwa na wataalamu tofauti. Mwaka huo Wizara ya Elimu ilitoa sera ya elimu ya lugha mbili: Kiingereza kwa sayansi na hisabati, Pilipino kwa maarifa ya jamii na masomo ya namna hiyo. Mwaka huohuo Rais Ferdinand Marcos alitia saini Kanuni ya Kazi iliyoweka mfumo wa serikali wa kupeleka wafanyakazi nje. Sidai kwamba sera moja iliandikwa kwa ajili ya nyingine. Ninachodai ni kwamba zilipokutana zilimfundisha mtoto jambo moja: lugha ya taifa ni ya kujua umetoka wapi, lugha ya kigeni ni ya kujua unakwenda wapi. Historia na nyimbo vilibaki kwa mama, hesabu na nauli vikaenda kwa mgeni.

Mjadala haujafungwa. Sheria ya elimu ya 2013 iliagiza lugha za mama zitumike katika madarasa ya mwanzo. Sheria ya Oktoba 2024 iliondoa ulazima huo na kurejea kwenye Kifilipino na Kiingereza. Miaka 11 ni muda mfupi mno wa kuandaa vitabu na walimu kwa lugha nyingi, na hukumu iliyotolewa ilihusu zaidi maandalizi kuliko lugha zenyewe.

6.0 Mhamiaji na jina lake

Uhamaji wa Wafilipino ulianza zamani. Merikebu za biashara zilizosafiri baina ya Manila na Acapulco kuanzia 1565 hadi 1815 zilibeba mabaharia wa visiwani, na baadhi yao waliloea Meksiko. Huko walifundisha ugemaji wa tuba, yaani tembo la mnazi, ambalo hadi leo linanywewa katika pwani ya Colima kwa jina hilohilo la Kifilipino. Kutoka Meksiko yalikuja kamote, "kiazi kitamu", na tiyangge, "gulio", yote yakiwa na asili ya Kinahuatl.

Uhamaji wa kisasa ulianza Desemba 1906, vibarua 15 walipowasili Hawai'i kufanya kazi katika mashamba ya miwa. Waliofuata walikuwa maelfu, wengi wao Wailokano, wakiitwa sakada. Kisheria hawakuwa raia wa Marekani wala wageni. Walikuwa watu wa himaya. Mwaka 1934 sheria iliyoiahidi Ufilipino uhuru iliwageuza kuwa wageni na kuruhusu Wafilipino 50 tu kuingia kwa mwaka. Ahadi ya uhuru na kufungwa kwa mlango vilikuja katika karatasi moja. Carlos Bulosan, aliyefika Marekani akiwa kijana, alikiandika kizazi hicho katika kitabu cha 1946, na alikiandika kwa Kiingereza cha shule ya kikoloni. Larry Itliong, Mwilokano, aliwaongoza wakulima wenzake katika mgomo wa zabibu wa Delano mwaka 1965.

Ugenini ndiko mtu wa Ilocos alikogeuka Mfilipino. Kijijini alijijua kwa mji wake na lugha yake. Jina la taifa alilipata alipoitwa hivyo na msimamizi wa shamba. Jina la mkato Pinoy lilizaliwa miongoni mwa wahamiaji wa Marekani, kisha likarudi nyumbani. Kiilokano nacho hakikufa: kinafundishwa hadi leo katika Chuo Kikuu cha Hawai'i, Mānoa. Inafaa kukumbuka hilo kila tunapoambiwa kwamba lugha ya taifa ndiyo peke yake inayobeba utambulisho ng'ambo.

Msamiati wa uhamaji umekuwa mwingi tangu 1974. Balikbayan, kutokana na balik, "rudi", na bayan, "mji, nchi", ni mhamiaji anayerejea kwa matembezi; neno hilo lilienezwa na serikali katika miaka ya 1970 ili kumvuta aje na fedha zake. Bagong bayani, "mashujaa wapya", ni sifa ambayo Rais Corazon Aquino aliwapa watumishi wa nyumbani wa Hong Kong mwaka 1988. Wahamiaji nao walijitungia maneno yao. TNT ni kifupi cha tago nang tago, "kujificha na kujificha", yaani mtu asiye na karatasi. Na juu ya magari ya abiria ya jeepney, yaliyotokana na jeep za jeshi la Marekani, huandikwa Katas ng Saudi, "utomvu wa Saudia": gari hili limenunuliwa kwa jasho la huko. Msomaji aliyezoea maandishi ya khanga na daladala ataelewa mara moja kwamba hapo lugha ya wananchi inajibizana na lugha ya serikali. Serikali inasema shujaa. Mwenye gari anasema nimekamuliwa.

Jibizano hilo liligeuka kilio mwaka 1995, mtumishi wa nyumbani Flor Contemplacion aliponyongwa Singapore kwa mashtaka ya mauaji ambayo Wafilipino wengi hawakuyaamini. Hasira ya umma iliharakisha kupitishwa kwa sheria ya kuwalinda wahamiaji mwaka huohuo. Hapo ilidhihirika kwamba ujuzi wa Kiingereza, ambao ulihesabiwa kuwa mtaji wa Mfilipino, ulimpatia kazi lakini haukumpatia ulinzi. Waswahili wanaofanya kazi katika nyumba za Ghuba, bega kwa bega na Wafilipino, wanaijua hali hiyo bila kuhitaji makala.

Mfano wa mwisho unatoka kwa wajukuu. Baadhi ya vijana wa asili ya Kifilipino waliozaliwa Amerika ya Kaskazini wanajiita Filipinx, ili kuepuka ubaguzi wa kijinsia uliomo katika Filipino na Filipina. Wazee wengi wa visiwani hulikataa jina hilo, wakisema lugha yao haina jinsia: siya ni "yeye" kwa mwanamume na mwanamke, kama ilivyo kwetu, na kapatid ni "ndugu" wa aina yoyote. Pande zote mbili zina hoja. Viambishi -o na -a ni urithi wa Kihispania. Kijana anauondoa kwa herufi aliyojifunza katika Kiingereza, huku dawa ikiwa tayari ndani ya lugha ya bibi yake, ambayo hakufundishwa. Pengine hapana ushahidi mzito zaidi wa athari za tawala zote mbili kuliko herufi hiyo moja.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba baybayin haikuhitaji moto ili itoweke. Ilitosha kuondolewa mahakamani na parokiani. Kitagalog hakikupigwa marufuku. Kilipewa sala na kunyimwa sheria, kisha kikapewa historia na kunyimwa sayansi. Leo baybayin imerudi katika noti, katika pasipoti na katika michoro ya mwilini mwa vijana wa ughaibuni. Kurudi huko ni kwa heshima, lakini ni kurudi kwa pambo: hakuna anayeuza shamba kwa baybayin, kama ilivyowezekana mwaka 1613.

Kwa wapenzi wa Kiswahili, funzo ni la kiasi. Lugha yetu imepata siku yake ya kimataifa na kiti katika mikutano ya Afrika, na tuna haki ya kufurahi. Lakini lugha hupimwa kwa kazi inayopewa siku za kawaida. Uamuzi wa Tanzania wa mwaka 2021 wa kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama ni wa aina inayofaa, kwa sababu unaigusa hati ya shamba. Darasa la fizikia bado linasubiri. Wafilipino wametuonesha kwamba lugha inaweza kupendwa na watu wake wote, ikaimbwa na kuliliwa kutoka Riyadh hadi Honolulu, na bado ikabaki nje ya mlango wa maabara.